Kitu Kingine: Kuusoma Ukurasa Uliofuta Hadithi za Mjomba

Mjomba wangu alifundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Bungoma kwa zaidi ya miaka 20, na kuhusu kompyuta alijua sheria moja tu: weka kwa D. Hakujua RAM ni nini na hakujali. Lakini ukimpelekea flashi yenye picha za harusi, kabla hajazifungua angekuuliza, "Hizi tunaweka kwa D, sivyo?" Sheria hiyo aliipata pale sote tulipoipata, kwa saiba. Windows ikikufa, na zamani zile ilikuwa ikifa kama kuku wa kideri, fundi anafomati C, anaweka Windows nyingine, na unakuta D iko vile uliiacha. C ni ya kampuni. D ni yako.

Ndani ya D ya mjomba kulikuwa na folda moja ya hadithi fupi, alizoandika usiku baada ya kusahihisha insha za watoto wa watu. Nyingi zilitokea kati ya Chwele na Kitale: ndani ya matatu, kwenye foleni ya kuuza mahindi, nyumbani kwa mtu aliyefiwa na ambaye wageni wamekataa kwenda zao. Alinisomea mbili. Ya pili ilinichekesha hadi nikamwagikiwa na chai. Hakuchapisha hata moja. Alisema zinangoja.

Alifariki mwaka wa 2018. Laptopu ikakaa kabatini mwaka mzima, na siku mke wake alipoiwasha ikatoa skrini nyeusi na mstari mmoja wa maandishi meupe. Akanipigia simu. "Si wewe unajua hizi vitu? Kuja uichukue. Nataka iwake tu, huyu mtoto afanyie kazi ya shule." Nikaibeba kwa matatu, Webuye, Misikhu, Kamukuywa, Kiminini, hadi Kitale, imefungwa kwa leso ndani ya mkoba. Usiku huo nikaifuta. C, D, na sheria yenyewe.

Sikuja hapa kuungama. Nilishaungama kwa mwenye haki ya kusikia, nikiwa nimekaa sebuleni Bungoma na chai ambayo haikuwa inashuka. Nilichokuja nacho ni uhakiki. Kati yangu na hadithi za mjomba palikuwa na ukurasa mmoja wa maandishi, na tangu siku hiyo nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma riwaya yoyote. Naona ni ukurasa ulioandikwa vibaya. Tena ubovu wake ni wa kifasihi, si wa kiufundi. Programu ilifanya hasa ilichosema itafanya. Ila ilikisema kwa maneno ambayo msomaji aliyelelewa kwa saiba za Kitale hangeweza kuyasikia.

Kwa ambao hamjawahi kufika hapo: unachomeka flashi, unawasha mashine, na badala ya kubuti kutoka kwa diski yake inabuti kutoka kwa flashi. Mimi nilikuwa naweka Ubuntu 18.04. (Jina lenyewe ni la Kinguni, ndugu wa damu wa "utu" wetu. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004, na hadi 2011 walikuwa wanatuma CD za bure kwa posta popote duniani. Mimi nilichelewa, ni wa enzi za flashi.) Kurasa za mwanzo ni za adabu tu. Lugha gani? Kibodi gani? Ukikosea hapo utarekebisha kesho. Kisha unafika ukurasa unaoamua diski itagawanywaje, partisheni zipi ziwepo, ipi ikae mfumo, ipi ikae vitu vyako. Huo hauna kesho.

Mjomba alikuwa na imani kubwa na lile swali la karatasi ya fasihi: eleza muktadha wa dondoo hili. Nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini maneno hayo yametoka sasa. Alisema hilo ndilo swali pekee la KCSE linalomsaidia mtu akioa. Basi tulitumie.

Ukurasa unaanza hivi: "This computer currently has no detected operating systems. What would you like to do?" Msemaji ni programu. Msikilizaji ni mimi, saa nne usiku, taa ya stima imepungua nguvu kidogo kama kawaida. Kwa nini sasa? Kwa sababu Windows ya mjomba ilikuwa imeharibika kiasi kwamba programu ilipoitafuta haikuitambua. Soma tena kwa makini. Sentensi haisemi kwamba kompyuta ni tupu. Inasema hakuna mfumo uliotambuliwa, na kitenzi hicho cha kutendwa kinamficha mtambuzi. Nani hakutambua? Alitafuta nini? Kulikuwa na nini kingine alichokiona akakipita? Msomaji mchovu anasikia jambo moja: hapa hakuna kitu, jenga.

Mtu wa Kitale anaijua sentensi ya aina hiyo. Trans-Nzoia yote iliwahi kusomwa hivyo. Serikali ya kikoloni ilitazama, haikuona umiliki wa aina inayoutambua, ikawakatia walowezi mashamba, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikawaongeza wanajeshi wastaafu wa Kiingereza. Watu walikuwepo. Upande wa Bungoma Elijah Masinde na Dini ya Msambwa waliisema hiyo kwa sauti kubwa katika miaka ya 1940, na mwaka wa 1948 dini ikapigwa marufuku. Sasa, sisemi kwamba kisakinishi ni mlowezi. Hiyo ni sitiari ya bei rahisi, na mhariri angenirudishia makala. Nasema kitu kidogo zaidi: "sijaona" na "hakuna" ni kauli mbili tofauti, na mwandishi anayeziacha zifanane anajua au hajui anachofanya, lakini matokeo ni yale yale.

Chini ya swali hilo kuna majibu. La kwanza, lililokwisha kuchaguliwa tayari, linasema "Erase disk and install Ubuntu". Hapa ndipo nataka tukae.

Disk ni nini? Usinijibu kwa kamusi. Nijibu kwa mahali ulipojifunza neno. Fungua kompyuta yoyote ya Windows ambayo mwenyewe hajaibadilisha majina, utaona imeandika "Local Disk" halafu C, na chini yake "Local Disk" halafu D. Mbili. Yaani Windows ilitufundisha, sote, kwa miaka mingi, kwamba kila partisheni ni diski. Hakuna aliyeingia saiba akaambiwa kwamba C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Tuliambiwa ni diski mbili, imeandikwa hapo, na mwenye kusoma asome. Ndiyo maana ukimwambia Mkenya "futa diski" anauliza, "Gani?" Ni swali la akili kabisa. Na kisakinishi hakikulitarajia, kwa sababu katika Unix na jamaa zake wote, Linux ikiwemo, diski ni kile chuma kizima. Kinaitwa sda. Vipande vyake ni sda1, sda2, sda3. Herufi C na D hazimo. Neno moja, lugha moja, Kiingereza kile kile, na lahaja mbili zisizosikilizana.

Nilipoona "Erase disk" nilielewa: futa C. Kwani ndiyo iliyokufa. Ndiyo huwa inafutwa.

Kuna onyo chini ya jibu hilo, kwa herufi ndogo zaidi, na haki ya mshtakiwa ni kunukuliwa kikamilifu. Linaonya kwamba hatua hii itafuta programu zako zote, hati, picha, muziki, na faili nyingine zozote "in all operating systems". Nililisoma. Naapa nililisoma. Na nitawaambia nilivyolisoma: faili zilizo ndani ya mifumo endeshi. Hadithi za mjomba hazikuwa ndani ya mfumo endeshi wowote. Zilikuwa kwa D. Hiyo ndiyo ilikuwa maana yote ya D, mahali ambapo si ndani ya Windows. Mwandishi wa onyo alichagua kihusishi "in" na akachagua "operating systems", na kwa chaguo hizo mbili akawatoa kwenye onyo watu wote waliofuata ushauri wa fundi wao. Aliyekuwa mzembe, mwenye picha zake Desktop, ameonywa. Aliyekuwa mwangalifu hakuonywa.

Jibu la mwisho kwenye orodha linaitwa "Something else". Kitu kingine. Kama menyu ya kibanda: chai, mandazi, kitu kingine. Ukibonyeza hapo ndipo ungeona ramani yote ya diski, kila kipande na ukubwa wake na aina yake. Ningeona vipande vitatu, kile kidogo cha MB 100 ambacho Windows 7 hujitengea, kisha C, kisha kimoja kikubwa, na hicho cha tatu kingenishika mkono. Lakini ni nani hubonyeza kitu kingine saa nne usiku? Visakinishi vipya vya Ubuntu vimeliacha jina hilo, sasa vinasema waziwazi kwamba ni njia ya kugawa kwa mkono. Afadhali.

Baada ya kubonyeza, dirisha moja la mwisho linatokea. Linauliza kama mabadiliko yaandikwe kwenye diski, na linatoa orodha. Watu wengi hulipita. Mimi sikulipita, nilikuwa najiona mtu wa makini. Liliniambia kwamba jedwali la partisheni la sda litabadilishwa, na kwamba partisheni itakayofomatiwa ni namba 1, kuwa ext4.

Namba 1. Moja tu.

Mnaona? Nilihesabu vidole. Namba moja ni ya kwanza, ya kwanza ni C, kwa hiyo inafomatiwa C, D haijatajwa. Nikabonyeza "Continue" nikiwa na amani. Kumbe namba 1 ile haikuwa ya diski niliyokuwa nayo. Ilikuwa ya diski itakayokuwepo dakika moja baadaye, yenye partisheni moja kubwa kutoka ukuta hadi ukuta. Orodha ilikuwa inataja vitakavyozaliwa. Vitakavyokufa haikuvitaja hata kimoja.

Hilo ndilo shtaka langu dhidi ya ukurasa huu, na ni la mtunzi dhidi ya mtunzi. Barabara ikitaka kupanuliwa hapa kwetu, vibanda vitakavyobomolewa hupakwa X nyekundu. Tunaichukia hiyo X. Lakini inawekwa juu ya kibanda chenyewe. Mama anayeuza nyanya akiamka anajua ni chake, si cha jirani. Hakuna mhandisi anayekuja kumwonyesha mama mchoro wa barabara mpya, safi, yenye mitaro, halafu akamwachia atambue mwenyewe kwamba kwenye mchoro meza yake haimo. Ukurasa huu ulinionyesha mchoro.

Nina rafiki fundi Kitale, mtu wa kompyuta na simu na siku hizi sola. Nilimpa hoja hii yote akiwa anachomelea waya. Hakuinua hata kichwa.

"Buda, iliandikwa warning ama haikuandikwa?"

"Iliandikwa."

"Basi. Wewe ulisoma ukitafuta ruhusa. Hukuwa unasoma."

Imenisumbua hiyo kuliko lawama za familia. Ana sehemu ya ukweli. Kulikuwa na kitufe cha kujaribu Ubuntu bila kuiweka, ningeingia hapo, nikafungua D nikiwa kwa flashi, nikanakili folda ile kwa dakika mbili, nikalala. Nilijua kwamba kitufe kipo. Sikukitumia kwa sababu sheria ya D ilikuwa imenifanya nione hakuna haja. Lakini kwa uhakiki, jibu la fundi halitoshi. Tukikubali kwamba maandishi yote yenye onyo ndani yake yako sawa, basi hakuna maandishi mabaya duniani, kuna wasomaji wabaya tu, na walimu wa fasihi warudi shambani. Kazi ya mwandishi ni kujua msomaji wake ametoka wapi na maneno gani. Msomaji mkuu wa ukurasa huu ni mtu anayehama kutoka Windows. Wanamjua. Wamemwandikia mfumo mzima ili ahame. Na neno la kwanza walilompa ni lile lile ambalo Windows ilishamfundisha maana tofauti.

Na wapo wanaoandika vizuri zaidi, ndiyo maana sikubali kwamba haiwezekani. Debian, ambayo Ubuntu ilizaliwa kwake, ina kisakinishi chenye sura ya fomu ya chifu, rangi moja na mishale ya kibodi. Lakini inapokuuliza swali la mwisho, mabadiliko yaandikwe au yasiandikwe, jibu lililochaguliwa tayari ni hapana. Lazima mkono wako uondoke pale uende kwa ndiyo. Ni tofauti ya neno moja, na ni tofauti kati ya mlango uliofungwa na ulioachwa wazi.

OpenBSD ndiyo iliyonishangaza. Hiyo haina picha kabisa, ni maandishi meupe kwenye giza, inaongea kama mzee wa kijiji asiye na muda. Ila kabla haijakuuliza unataka diski nzima au sehemu, inakuchapishia jedwali lililopo sasa. Vipande vyote, mistari mikavu ya namba, hakuna maelezo. Huenda usielewe kitu. Lakini ukiona mistari mitatu mahali ulipotarajia mmoja, utasita. Kusita ndiko nilikokosa mimi. (Uchokozi mdogo kwa wafuasi wa sheria ya mjomba: kwa OpenBSD partisheni hupewa herufi, na herufi c ni diski nzima. Ukifuta c umefuta boma.)

Cha kuchekesha, au cha kuuma, ni kwamba hekima ya D ni hekima ya Unix kabisa. Hawa watu wamegawa diski tangu mwanzo. Inasimuliwa kwamba pale Bell Labs, mwanzoni mwa miaka ya 1970, diski ya mashine yao ilijaa, wakaleta ya pili wakaitundika chini ya jina /usr, na hadi leo kila Linux inabeba jina hilo ingawa sababu yake imeshasahaulika. Na ushauri wa wazee wa Unix ni kutenga /home, iwe partisheni yake, ili ukiweka mfumo upya usiguse vitu vya mtu. Home. Nyumbani. Mke wa mjomba angeelewa hilo kwa sekunde moja: hii ni ya mashine, hii ni nyumbani, nyumbani hapaguswi. Saiba zetu zilifika kwenye wazo lile lile bila kitabu, zikaliita D. Kilichokosekana ni mstari mmoja tu wa kuunganisha: ulichoita D sisi tunakiita hivi, na kwa jibu hili kitaondoka.

Ningependa mstari huo uwe wa Kiswahili. Si ndoto ya ajabu. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi nzima kwa Kiswahili, na waliohusika walilazimika kuketi na kuamua neno kwa neno nini kiitwe nini. Hiyo ni kazi ya watunzi. Nimejaribu kuifanya kwa sentensi hii moja na ikanitoa jasho. "Futa diski" ni tafsiri sahihi na ni mtego ule ule. Tena "futa" kwetu ni neno la upole, tunafuta ubao, tunafuta machozi, tunafuta vumbi. Mjomba alifuta ubao mara tano kwa siku na hakuna aliyelia. Partisheni nayo uiite nini? "Kiambaza" ni neno zuri, ule ukuta mwembamba wa udongo unaotenga chumba na chumba, lakini mtoto wa mjini atauliza ni chakula gani. "Sehemu" ni pana mno. "Ploti" inaeleweka na kila mtu kuanzia Kitale hadi Kanduyi, na nadhani ningeichukua, wasomi waninune. Jaribio langu la tano lilikuwa hivi: "Ploti zote za diski hii zitaondolewa, C na D pia. Ploti tulizozipata ni tatu. Kubwa kuliko zote ina GB 298, na ina vitu." Si ushairi. Lakini hayo maneno matatu ya mwisho yangenitosha.

Ploti, kwa kweli, ndiyo picha bora kuliko zote, na niliielewa nilipoanza kutafuta nilichopoteza. Diski ya zamani kama ya mjomba ina sekta ya kwanza yenye baiti 512. Ndani ya hizo, jedwali la partisheni ni baiti 64 tu: mistari minne, kila mmoja baiti 16, unaosema ploti inaanzia wapi na ina urefu gani. SMS moja ni herufi 160. Yaani ramani ya diski nzima haifiki hata nusu ya SMS. Kisakinishi kilipofuta, kilichofutika kwanza kilikuwa hicho. Ni kama mtu aingie ofisi ya ardhi achane karatasi ya ramani. Shamba liko. Mahindi yako. Hata bikoni bado zimezikwa pembeni. Kilichopotea ni maandishi yanayosema nani yuko wapi.

Kwa hiyo kuna programu ya kutafuta bikoni. Inaitwa TestDisk, ilianzishwa na Mfaransa Christophe Grenier, ni ya bure, na inatembea diski nzima ikiuliza kila sekta: wewe ni mwanzo wa kitu? Partisheni ya NTFS huacha nakala ya sekta yake ya kwanza mwishoni kabisa mwa ploti, na kwa nakala hiyo D ya mjomba ilipatikana usiku wa pili. Nilipiga kelele, jirani akagonga ukuta. Nikafungua. Haikufunguka. Ext4 ikiwekwa kwenye diski haikai pembe moja, hutawanya majedwali yake huku na huku kote, na baadhi yalikuwa yameangukia hasa mahali ambapo D iliweka daftari la majina ya faili zake. Shamba lilipatikana, rejista ya wenye nyumba imelimwa.

Ikabaki PhotoRec, ndugu wa TestDisk, ambayo haijali majina wala folda. Inatambua faili kwa sura yake: faili ya Word huanza hivi, picha huanza vile. Ilikokota saa kumi na moja. Ikatoa maelfu ya vitu, vipande vya Windows, nembo, picha za harusi ambazo kweli ziliwekwa kwa D. Katikati yake, faili 31 za Word za mjomba. Hazina majina. PhotoRec huipa kila faili herufi f na namba ya sekta ilipookotwa, basi.

Sijui alikuwa na hadithi ngapi. Hakuna anayejua. Kumi na nane zimekamilika. Tisa zinakatika katikati, moja katika neno "lakini". Nne ni mitihani ya kidato cha pili.

Nilizichapisha zote, nikazipeleka Bungoma. Mke wa mjomba alivaa miwani na kuzisoma jioni tatu, na sikujua kama nibaki au niondoke, nikabaki nikichambua mboga na mtoto. Nyingi alikuwa hajawahi kuzisoma. Lakini alijua mpangilio. Alikuwa anainua karatasi, anasema, "Hii ni ya kabla ya kuhamishwa," au "Hapa tulikuwa tumekosana," na kuiweka chini ya rundo au juu. Vichwa alikataa kuviweka. Alisema yeye hakuandika. Kwa hiyo ile iliyonimwagisha chai, ambayo ina mwanzo na kati na haina mwisho, kwenye bahasha imeandikwa hadi leo kwa namba yake ya sekta, tarakimu tisa, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia iliyokuwa bado kwa droo.

Laptopu ilirudi na Linux. Safari hii nilibonyeza kitu kingine. Kuna ploti ya mfumo, na kuna ya pili ambayo ingeitwa /home kwa wanaojua, ila kwenye lebo nimeiandika D, kwa sababu mtoto aliniuliza aweke wapi insha yake na nilikuwa sina neno lingine.